Upepo wa Saa Nane Mchana

Nilifika Brussels kwa basi, kwa sababu mke wangu wa wakati ule alikuwa anaogopa ndege kuliko nyoka. Tulitoka Istanbul Jumatatu asubuhi, tukashuka Alhamisi mchana, miguu imevimba, baada ya kubadilisha mabasi manne. Mpakani Bulgaria tulisimama barabarani kwa muda wa saa sita tukisubiri mizigo ikaguliwe. Belgrade nilinunua mkate wenye nyama nikausahau kwenye benchi la stendi, na njaa yake ikanifuata mpaka Vienna, ambako sikuona kitu isipokuwa mvua kwenye kioo. Yeye alikuwa Mbelgiji, muuguzi, anarudi kazini kwake katika hospitali moja upande wa Woluwe. Mimi nilikuwa mtu wa Tanga niliyetoka nyumbani na cheti cha kidato cha nne, nikawa dereva wa familia moja Muscat kwa miaka mitano, kisha fundi katika karakana ya viti Istanbul kwa miaka mitatu. Njia nzima alilala begani kwangu. Mimi nilitazama nje nikiiwaza nyumba ya bibi yangu mzaa mama.

Ndivyo nilivyo. Nikiwa Tanga nilihesabu siku za kuondoka, na tangu nilipoondoka, kila mji niliofika nilimtafuta mtu wa kumsimulia Tanga. Ndoa yetu ilikaa miaka minne. Ilikwisha bila kelele na makosa mengi yalikuwa yangu, lakini si hayo yanayonifanya niandike.

Baada ya kuachana nilihamia chumba kimoja Anderlecht, nikawa natengeneza hiki na kile kwa watu. Siku moja nilikuwa katika duka la kinyozi, Matonge, mtaa wa Wakongo, nafunga upya rafu ya vioo iliyoanguka. Mzee mmoja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, alinitazama muda mrefu kwenye kioo.

"Mutanzania," akasema, "unasemaka Kiswahili kama radio. Lakini mikono iko muzuri. Nani alikufundisha?"

"Waturuki, tonton."

"Bon. Kesho unakuya na miye ku bureau. Vaa shati ya kupasi."

Wote pale dukani walimwita tonton, yaani mjomba. Alikuwa mtu wa Lubumbashi, mwenye miaka hamsini na tisa, mchoraji wa ramani katika ofisi ndogo ya wasanifu majengo nyuma ya Porte de Namur. Alikuwa amekaa kwenye meza ile ile kwa miaka kumi na saba. Ofisi ilihitaji mtu wa kutengeneza mifano, zile nyumba ndogo za mbao na karatasi ngumu ambazo mteja huoneshwa kabla hajajengewa ya kweli. Tonton alimwambia mwenye ofisi, mama mmoja mrefu tuliyemwita madame, kwamba ananijua vizuri. Hakuwa ananijua hata siku mbili. Nilipewa karakana ya chini, yenye dirisha linaloonyesha viatu vya wapita njia, na nikakaa huko kwa furaha ambayo sikuwahi kuipata katika nchi ile.

Mwaka wangu wa pili ilikuja kazi ya jangwani. Tajiri mmoja wa Oman alikuwa na shamba mahali pakavu, saa kadhaa kwa gari kutoka Muscat, na alitaka kujenga nyumba ya kifahari isiyotegemea viyoyozi. Alitaka udongo wa pale pale, maji ya kuoga na kutawadha yaende kwenye mitende, umeme utoke kwenye jua. Sababu yake haikuwa sifa. Mama yake alikuwa mzee, na kelele za kiyoyozi zilimnyima usingizi. Alikuwa akisema kwamba hajalala vizuri tangu watoto walipomhamisha kutoka nyumba ya zamani ya udongo. Mwanawe alitaka kumrudishia usingizi ule, katika nyumba ambayo wageni wangeisifu.

Ofisi yetu ilizoea kujenga nyumba za kuzuia baridi na mvua. Madame alituita sote kwenye meza kubwa, akauliza kwa Kifaransa nani amewahi kuishi jangwani. Kifaransa changu kilikuwa cha dukani, lakini swali hilo nililielewa. Nikainua mkono.

Sitasema kwamba ulikuwa uongo mtupu. Nilikaa Oman miaka mitano. Lakini nililala katika chumba cha dereva chenye kiyoyozi, nikaingia katika gari lenye kiyoyozi, nikasubiri nje ya maduka yenye viyoyozi. Ukiondoa hatua za kutoka mlangoni mpaka garini, sikuwahi kukutana na joto la nchi ile. Madame aliniuliza watu wa huko zamani walipozaje nyumba. Wote mezani, pamoja na mhandisi, walikuwa wananitazama mimi, fundi wa karakana ya chini, kama mtu aliyebeba kitu cha thamani. Nikafungua mdomo na iliyotoka ni nyumba ya bibi.

Nilieleza ukumbi mrefu unaopita katikati, mlango wa mbele na mlango wa uani ikitazamana, hata ukikaa katikati unasikia upepo shingoni. Nilieleza nafasi iliyoachwa kati ya ukuta na paa, ambako upepo huingia usiku na mchana na joto halipati pa kukaa. Nilieleza baraza. Tonton alikuwa anatafsiri sentensi baada ya sentensi, taratibu, kwa Kifaransa kizuri kuliko maneno yangu, na niliona macho ya madame yakilainika. Nyumba ile ilikuwa nzuri. Lakini ilikuwa nyumba ya Tanga, ambako hewa ni ya maji na upepo ni nafuu. Nilijua ninasema habari za wapi. Nilijiambia kwamba joto ni joto.

Kwa kuwa hesabu za mhandisi zingechukua miezi, mteja alitaka kwanza kijengwe chumba kimoja cha majaribio pale shambani, ili mama yake akione. Tonton ndiye aliyepewa kukichora. Akashuka karakana na karatasi zake, akavuta kiti karibu na meza yangu ambako nilikuwa nakausha machicha ya kahawa ya ofisi. Nilikuwa nayatumia kama mchanga kwenye mfano, rangi yake ilikuwa inakubali.

"Sasa, mupepo ya mchana inatoka wapi kule?" akauliza.

"Magharibi."

"Tunafungua magharibi?"

"Tunafungua kubwa. Na juu, chini ya paa, tunaacha wazi."

Akaweka penseli chini. "Ngoja. Ukifungua four mu cuisine, ule mupepo unakupiga mu sura. Unapoza?"

Nikacheka. "Tonton, nyumba si tanuri."

"Miye siijue ile inchi. Njo maana nauliza. Ile miaka yako tano, haukuingia mu nyumba ya wazee hata moja?"

Nilikuwa nimeingia. Mara moja tu, bosi wangu alipokwenda kumzika shangazi yake kijijini, nililala katika nyumba kuukuu ya udongo. Nilikumbuka vizuri kwamba kulipokucha tu wanawake walipita wakifunga kila dirisha na kila mlango, na tukakaa gizani mpaka jua lilipozama, ndipo wakafungua vyote na kupandisha magodoro darini. Nikamsimulia.

"Banafunga mchana yote? Na joto ile?"

"Ni stara. Kulikuwa na msiba, wageni wanaume wengi, hawataki wanawake waonekane. Kwetu Waislamu ndivyo. Wewe wa kanisani huwezi kujua."

Nakumbuka sauti niliyoitumia, ile ya mtu anayemfunga mwenzake mdomo kwa dini. Alinitazama kidogo. Alikuwa mtu mwenye adabu, na kwa habari za Waislamu aliona si haki yake kubishana.

"Bon," akasema. "Alors nachora vile unasema."

Akachora. Kila karatasi ya ramani ina kisanduku pembeni, chini, ambamo mchoraji huandika herufi za jina lake. Akaandika zake. Mimi sikuwa na kisanduku popote.

Chumba kikajengwa. Picha zikaja: kuta za udongo mwekundu, madirisha mapana ya magharibi, mwanya chini ya paa kama nilivyousema. Nilizibandika picha hizo ukutani. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikishuka ngazi asubuhi nikizitazama kabla ya kuvua koti, na nilijisikia kwamba hatimaye nimejenga kitu cha kwetu duniani, hata kama kimesimama nchi nyingine.

Jumanne moja, kama saa nne asubuhi, madame aliingia na simu mkononi akatuita mezani. Mama wa mteja alikuwa amepelekwa hospitali jana yake. Aliahidiwa chumba kama cha nyumba yake ya zamani, kwa hiyo alikataa kutoka hata adhuhuri ilipofika. Saa nane mchana, alasiri haijaingia, upepo ulivuma kutoka magharibi na kupita chumbani moja kwa moja, wa moto, umebeba vumbi. Mtunza shamba alimkuta sakafuni karibu na mlango. Alikuwa hai lakini hakumtambua. Alikaa hospitali siku tisa, akapona, ingawa kwa muda mrefu baadaye hakuweza kusimama bila kushikwa.

Siku hiyo mezani bado hatukujua kama atapona. Madame alitandaza karatasi ya chumba. Hakupaza sauti. Aliuliza taratibu, kiasi ambacho hata mimi nilielewa kila neno, nani aliamua madirisha haya. Mteja alitaka kujua, na asipojua angechukua kazi yake kwingine.

Kidole chake kilikuwa karibu na kile kisanduku. Tonton hakukitazama. Alinitazama mimi.

Alinipa muda. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Mashine ya kahawa nyuma yetu ilikuwa inajaza kikombe cha mtu, ikajaza, ikanyamaza, na yeye bado alikuwa ananitazama, bila hasira, kama mtu aliyekushikia mlango. Mimi nilitazama mfano wangu katikati ya meza, baraza yake, machicha yake ya kahawa. Nilikuwa nimeshaelewa. Ile siku ya msiba ilikuwa imenirudia yote kwa pamoja: wanawake wakifunga, giza, na ubaridi wa sakafu ile chini ya miguu yangu. Hawakufunga kwa stara. Walikuwa wanaufungia upepo nje.

"C'est moi qui ai dessiné," akasema tonton. Ni mimi niliyechora.

Ilikuwa kweli, na iliniachia mahali pa kuongeza la kwangu. Sikuongeza. Madame alikumbuka kwamba mimi ndiye niliyesimulia, nadhani alikumbuka, lakini kwake mimi nilikuwa msimulizi na yule alikuwa mchoraji, na kazi ya mchoraji ni kuhakikisha. Mkataba wa tonton ulikuwa unafika mwisho mwezi uliofuata. Haukuongezwa. Alikusanya penseli zake katika mfuko wa duka, akapeana mikono na kila mtu mpaka alipofika kwangu, na mimi pia akanipa mkono. Ulikuwa mkavu na mwepesi.

Nilikaa pale miezi miwili mingine. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa silali, lakini nililala. Hesabu za mhandisi zilikuja: kuta nene, madirisha madogo ya juu yanayofungwa mchana kutwa, uwanja wa ndani wenye kivuli na maji, kila kitu kifunguliwe jua likizama. Kazi ya kurekebisha mfano ilikuwa yangu. Nilikata vipande vya mbao laini nikaziba madirisha yangu moja baada ya jingine, kwa gundi. Madame alishuka siku moja akaniuliza kwa Kiingereza kama watu wa huko kweli walikuwa wakiishi hivi, wamejifungia mchana.

"Ndiyo," nikamwambia. "Niliona kwa macho yangu."

Alisimama pale kama anayetaka kuuliza jingine, kisha akapanda ngazi. Mimi nikabaki na gundi vidoleni. Nafikiri ni jibu hilo, zaidi ya ukimya wa mezani, lililonitoa pale na kunipeleka kwa tonton Jumamosi iliyofuata.

Alikuwa akiishi Anderlecht pia, ghorofa ya saba, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Kwa miezi miwili nilikuwa nikizunguka barabara nyingine kwenda dukani nisikutane naye. Mkewe alifungua mlango. Nyumba ilinukia samaki wa kukaanga.

"Eh, Mutanzania. Karibu. Kaa, ukule kwanza, kisha utasema."

"Asikule," tonton akasema kutoka kwenye kochi. "Aseme kwanza."

"Mutu amepanda ngazi yote ile, ascenseur imekufa."

"Aseme kwanza, maman."

Nikasema nikiwa nimesimama, koti mwilini. Nilisema yote, hata ile habari ya stara. Yeye alikuwa amevaa suruali ya kazi yenye vumbi. Siku hizo alikuwa anashusha masanduku ya mboga katika duka la rafiki yake, Matonge, na alikuwa ameshika kiuno tangu nilipoingia. Nilipomaliza nikamwomba radhi.

"Ile ya radhi baki nayo," akasema. "Miye nilikungojea mu réunion. Nikakungojea ku mulango siku niliondoka. Nikasema, leo atakuya. Kesho atakuya. Maman anajua."

"Najua," mkewe akasema, akageuza samaki.

"Unadhani nimeumia juu ya kazi? Nimeumia, ndiyo. Wanakuuliza una miaka ngapi, unasema, wanafunga dossier. Lakini ile mama mwenye alianguka, bote kule banajua ni miye. Jina yangu njo iko pa ile karatasi. Miye, mwenye nilikuuliza swali."

Akajiinua kwenye kochi, mkono kiunoni.

"Utaenda kwa madame. Utasema mbele ya batu bote, pa meza ile ile. Na utasema kwa Français. Usitafute mutu wa kukutafsiria. Ile mara ya kwanza nilikutafsiria miye, na ona."

Mkewe aliniwekea sahani. Sikuweza kula mbele ya tonton. Nikaaga.

Nilijifunza maneno yale siku nne, nikitembea kando ya mfereji na karatasi mfukoni. Ijumaa, wakati wa kikao, nikaomba nafasi. Nilisimama, nikasema kwa Kifaransa kibovu kwamba madirisha yalikuwa yangu, kwamba sikuwahi kuishi katika joto la jangwani, kwamba niliyoyasimulia yalikuwa ya nyumba ya pwani, kwamba tonton aliniuliza na nikamnyamazisha. Nilikosea maneno mengi. Hakuna aliyenisahihisha. Mhandisi alitazama meza. Madame alingoja nimalize kabisa, kisha akauliza swali moja: kwa nini?

Hilo sikuwa nimelitayarishia Kifaransa, na nilipotafuta Kiswahili chake nikakuta sina pia. Nikasema nilitaka waipende nyumba ya bibi yangu. Naona hata leo sijapata jibu lililo bora, na hilo lenyewe ni aibu, kwamba mwanamke mzee alianguka kwa sababu mtu mzima alikumbuka kwao.

Nilimwomba madame amfikishie mteja maneno yangu, ajue ni nani wa kulaumiwa na ni nani wa kuombwa radhi. Aliahidi. Sijui yule mama aliambiwa nini. Ninachojua ni kwamba Jumatatu madame alimpigia tonton simu, kwa sababu nyumba kamili ilikuwa bado haijachorwa na mteja, baada ya kusikia, hakuwa na kinyongo na mchoraji. Tonton alikubali kurudi kwa sharti moja. Hataki kukaa jengo moja na mimi.

Madame alinieleza kwa upole. Alisema anaweza kunipangia saa nyingine, mimi asubuhi na yeye jioni, au nifanyie kazi nyumbani. Alisema hanifukuzi, uamuzi ni wangu. Nikamwambia tonton asipangiwe saa kwa ajili yangu. Nikaomba wiki moja nimalize mfano.

Niliumaliza Alhamisi. Ijumaa niliamka mapema, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo wa chumba changu, nikaenda ofisini na sanduku langu la nguo kuchukua patasi na misumeno yangu. Nilikuwa na tiketi ya treni ya kwenda Marseille, ambako kulikuwa na karakana ya mashua iliyohitaji seremala. Baadaye nilikwenda kwingine, na kwingine tena, lakini Brussels sijarudi na sitarudi.

Tonton alikuwa anarudi kazini siku hiyo, na nilidhani nimewahi kuondoka kabla hajafika. Nilipokuwa nashuka ngazi za mbele nimekumbatia boksi la vifaa, yeye alikuwa anapanda, amevaa shati la kupasi, penseli zake katika mfuko mpya wa ngozi. Ngazi zilikuwa nyembamba. Akajibana ukutani nipite.

"Tonton," nikasema.

Akatikisa kichwa kidogo, kama unavyomsalimia mtu wa ghorofa nyingine. Nilikuwa nimeshampita hatua tatu aliponiita.

"Kile chumba cha mama, ku uwanja ya ndani. Ukuta wake umeuweka centimètres ngapi?"

"Sitini. Nimeandika pembeni kwa kalamu."

"Na madirisha?"

"Yanafungwa yote."

"Nitapima miye mwenyewe," akasema, akaendelea kupanda.

Nikasimama mpaka niliposikia mlango wa juu ukifunguliwa, na sauti za watu wakimkaribisha. Kisha nikabeba boksi langu na sanduku langu nililoliacha chini ya ngazi, nikaenda stesheni kwa miguu.